Miezi Kumi Faradje

Chukua ramani ya Afrika na uzi. Ncha moja iweke Port Bell, gati la Ziwa Victoria lililo karibu na Kampala, nyingine ivute hadi Juba. Utapata kama kilomita 520. Sasa usogeze uzi huo upande wa magharibi bila kuurefusha, nao utaangukia Faradje, mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Kongo, kando ya mto Dungu. Asubuhi ya tarehe 14 Machi 1939 ndege ya abiria iliondoka Port Bell kwenda Juba, ikazunguka angani kupita muda wake, na iliposhuka ikawa imeshuka Faradje.

Iliitwa Corsair. Ilikuwa mali ya shirika la Uingereza la Imperial Airways, ikitokea Durban kwenda Southampton na mifuko ya barua na abiria wake. Haikuwa na gurudumu hata moja. Kapteni wake alikuwa E. S. Alcock, mdogo wake John Alcock, yule ambaye mwaka 1919, pamoja na Arthur Whitten Brown, alivuka bahari ya Atlantiki kwa ndege bila kutua njiani, safari ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya kabla yao. Kuhusu kushuka kwake Faradje nitasema, lakini kilichonivuta katika kisa hiki ni kuondoka. Ndege ya majini inaweza kushuka karibu popote penye maji. Kuruka tena kutoka kwenye maji hayohayo ni habari nyingine kabisa, na Corsair ilihitaji miezi kumi, vikosi viwili vya mafundi na mto uliopandishwa kina ndipo iruke.

Lazima kwanza tukumbuke jinsi ndege hizi zilivyokuwa sehemu ya maisha ya kwetu. Tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways ilipoanzisha safari yake ya Afrika kutoka London, mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town. Viwanja vya nchi kavu vilikuwa vichache, vingi vikigeuka matope masika yakianza, ilhali Mto Nile, maziwa na bandari za pwani havikuhitaji kujengwa. Kwa hiyo kuanzia Juni 1937 zikaletwa ndege kubwa zaidi za majini, zilizoundwa na kampuni ya Short Brothers katika mji wa Rochester. Zilifuata Nile kutoka Cairo na Khartoum, zikatua Port Bell na Kisumu, zikakata kwenda Mombasa, kisha zikafuata pwani: Dar es Salaam, Lindi, Mozambique, Beira, mpaka Durban. Barua ya kutoka Uingereza ilibandikwa stempu ya peni moja na nusu tu ikaja kwa ndege. Karani wa Lindi aliyezoea kusubiri meli wiki nyingi alianza kuhesabu siku.

Kila ndege ilikuwa na injini nne, mabawa ya karibu mita 35 kutoka ncha hadi ncha, na uzito wa tani 18 ikijaa. Ndege za majini zipo za aina mbili. Ndogo husimama juu ya maboya mawili marefu, kama mtu aliyevaa mitalawanda. Kubwa kama Corsair hazina haja ya maboya ya kusimamia, maana mwili wenyewe ndio mashua, na maboya madogo chini ya mabawa huzuia tu zisilalie ubavu.

Zote mbili, katika kuruka, hupambana na adui mmoja. Aliyepata kupanda boti la mashine, la wavuvi wa Mwanza au la kupeleka wageni kisiwani Mnemba, amewahi kuuona mwanzo wa pambano hilo. Nahodha akifungua mafuta, omo huinuka, tezi huzama, na kwa muda boti huwa kama linapanda kilima cha maji ambacho limekiunda lenyewe. Likikivuka, omo hushuka, boti hulala juu ya uso wa maji, na kasi huja yote kwa mpigo. Ndege hupita humohumo. Chini ya tumbo lake, au chini ya maboya yake, kuna kidato, mahali ambapo bati limekatwa ghafla kuelekea juu ili maji yaachane nalo. Pasipo kidato hicho maji hunyonya tumbo yakakataa kuliachia. Rubani hulazimika kuipandisha ndege juu ya kidato, kuishikilia hapo bila kuinua sana omo wala kuliinamisha, na kungoja mabawa yachukue mzigo kidogo kidogo kutoka kwenye maji.

Muda wa kungoja huko ndio wa hatari zaidi. Ndege imekwisha kuwa na kasi isiyoiruhusu kusimama upesi, na bado haijawa na kasi ya kuiinua. Haina breki. Ikigusa gogo lililozama, ukingo wa mtumbwi au jiwe lisilozidi kinu cha kutwangia, bati jembamba la alumini hupasuka kama karatasi. Omo likipanda kupita kiasi au likishuka kupita kiasi, ndege huanza kuchupa juu na chini kama pomboo, kila mruko ukizidi uliotangulia, na rubani asipouzima mapema hujikuta angani bila kasi ya kukaa huko. Hata utulivu una ubaya wake. Maji yakilala kama kioo hushika tumbo kwa nguvu zaidi, kiasi kwamba marubani huomba motaboti ipite mbele yao iyatibue, hewa ipate kuingia chini ya bati.

Motaboti hizo zilikuwepo katika kila kituo cha njia ile. Kabla ndege haijafungua injini, mabaharia walitangulia kuzunguka wakiondoa magogo na matawi, wakiwasihi wavuvi wapishe, wakifukuza viboko pale palipokuwa na viboko. Vitabu vya historia ya anga vimejaa majina ya makapteni. Hao waliokuwa wakisafisha njia kila alfajiri sijapata kuona majina yao popote, nami naona huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu usalama wa safari nzima uliwaanzia wao.

Lakini njia safi peke yake haikutosha. Tarehe 5 Desemba 1937 ndege ya aina ileile ya Corsair, iliyoitwa Cygnus, ilikuwa ikiondoka bandari ya Brindisi, Italia. Flapu zake, zile sehemu za nyuma ya bawa zinazoshushwa ili kuongeza nguvu ya kuinua, zilikuwa zimeshushwa kupita kiasi kinachofaa kwa kuruka. Ndege ikachupa, ikapiga maji, ikazama. Watu wawili walikufa. Hapakuwa na dhoruba, wala injini mbovu. Flapu tu hazikuwa zimewekwa mahali pake.

Jambo la kuzama linanisumbua kuliko lile la kuanguka, kwa sababu mara nyingi mtu hupona kishindo akauawa na maji. Hili lilionekana wazi miaka mingi baadaye huko Kanada, nchi ambayo ndege ndogo za maboya ni kama daladala za visiwani. Tarehe 29 Novemba 2009 ndege ya aina ya Beaver iliondoka ghuba ya Lyall, kisiwa cha Saturna, kwenda Vancouver. Upepo wa vilimani uliishika mara tu baada ya kupaa, ikapoteza nguvu ya kuinuka na kuanguka majini. Walikuwemo watu wanane. Rubani na abiria mmoja walitoka. Sita, mmoja wao mtoto mchanga, walizama ndani ya ndege. Milango miwili kati ya minne ilikuwa imekwama kwa kishindo. Hakuna aliyekuwa amevaa jaketi la kujiokoa.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Kanada ilichunguza, na mwaka 2011 ikatoa mapendekezo mawili ambayo mtu yeyote wa pwani angeyaelewa bila kuelezwa: milango na madirisha yafunguke kwa urahisi baada ya ajali, na abiria wavae majaketi ya kujiokoa. Kiwanda cha ndege hizo kilikuwa na dirisha la kusukuma kwa kiwiko likachomoka lote. Lakini serikali ilichukua mpaka mwaka 2019 kuyaweka mambo ya majaketi katika kanuni, pamoja na mafunzo ya marubani ya kujitoa ndani ya ndege iliyopinduka majini. Miaka kumi kwa kitu kinachoning'inia shingoni! Mtu hawezi kusoma tarehe hizo bila uchungu.

Na jaketi lenyewe lina adabu yake. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyokuwa imetekwa nyara iliishiwa mafuta ikaangukia baharini, karibu kabisa na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Waliokuwemo walikuwa 175, na 125 walikufa. Baadhi yao walikuwa wameyajaza majaketi hewa wangali wamekaa vitini. Maji yalipoingia, majaketi yakawainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufuata mlango. Ile ilikuwa ndege kubwa ya magurudumu, lakini maji hayaulizi aina ya ndege. Jaketi huvaliwa mapema, na hewa hujazwa mtu akishatoka. Anayesafiri kwa ndege ya majini aweke mkono wake mlangoni kabla injini haijawashwa, ahesabu viti vilivyo kati yake na mlango huo kwa vidole, kwa maana ndege ikipinduka juu huwa chini, na macho hayatamsaidia.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliposhindwa kuufikia uwanja wa Bukoba ikaingia Ziwa Victoria, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43, walipona 24. Kila ninapokumbuka asubuhi ile huwafikiria wale mabaharia wa motaboti wa zamani, walioketi tayari na injini zinazonguruma katika ziwa hilohilo, wakingoja ndege ya kutoka Kisumu itue salama.

Turudi kwa Corsair. Kifaa cha redio cha kutafutia mwelekeo kilikuwa na hitilafu, kikaipeleka ndege magharibi mwa njia yake. Chini kulikuwa na ukungu. Ulipoanza kuachia, wahudumu walitafuta Nile wakaona mto mwembamba wenye kona, miti imeusonga pande zote, nchi ambayo hawakuitambua. Mafuta yalikuwa yakiisha. Alcock hakuwa na nafasi ya kuchagua, akaishusha ndege ya tani nyingi kwenye mto Dungu, na kuishusha akaishusha vizuri. Ilikuwa bado inakimbia juu ya maji ilipokuta mwamba uliojificha ukalirarua tumbo. Alijua itazama. Akafungua injini zote na kuielekeza kwenye tope la ukingoni, ikapanda na kukwama hapo, omo juu, tezi ndani ya maji. Wote waliokuwemo walitoka wazima.

Mahali penyewe palikuwa mbali na kila kitu. Faradje iko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, kwenye nchi ya Walogo, si mbali na mbuga ya Garamba iliyokuwa imetangazwa hifadhi mwaka mmoja tu kabla. Mto huohuo wa Dungu unapita Gangala na Bodio, kituo ambako Wabelgiji walikuwa wakifuga tembo na kuwafundisha kazi. Faradje ndiko mafundi wa Short Brothers walikotumwa kutoka Rochester, na vyombo vyao, kuifufua ndege iliyolala kwenye tope.

Kazi ya kuziba tumbo la ndege ni ya subira. Bati lililochanika halipigwi kiraka juu kwa juu. Hukatwa mpaka lifikiwe bati zima, mbavu zilizopinda hunyooshwa au hubadilishwa, bati jipya hutobolewa matundu sambamba na ya zamani, kisha hufuata riveti. Mtu mmoja nje anagonga, mwenzake ndani, amejikunja gizani, ameikinga ncha ya riveti kwa kipande cha chuma kizito. Wanafahamiana kwa mlio tu. Riveti ikikaa vibaya huchomolewa na kurudiwa, maana tundu moja linalovuja likiongezeka na mengine huiongezea ndege uzito wa maji ambao injini hazikuhesabiwa kuubeba. Yote hayo yalifanywa katika joto la nchi ile, kwenye ukingo unaolainika kila mvua inaponyesha, wenyeji wakichimba, wakivuta kamba, wakibeba.

Katikati ya mwaka 1939 Corsair ilikuwa inaelea tena. Kapteni mwingine aliletwa kuirusha, John Kelly-Rogers wa Ireland, mmoja wa marubani hodari wa shirika. Ndiye ambaye Januari 1942 alimpeleka Winston Churchill kutoka Bermuda hadi Plymouth kwa ndege ya majini. Mbele yake palikuwa na mto mwembamba usiokuwa na sehemu ndefu iliyonyooka. Hewa ya joto na ya mwinuko ule ni nyepesi, kwa hiyo injini hutoa nguvu pungufu, mabawa huinua pungufu, na ndege huhitaji maji marefu zaidi kuliko ingehitaji bandarini Dar es Salaam. Kina nacho kilikuwa haba. Kelly-Rogers alifungua injini, Corsair ikakimbia, na kabla haijauacha mto ikapiga mwamba. Tumbo likapasuka tena. Miezi ya riveti ikaenda na maji.

Nadhani hapa ndipo watu wengi wangeikata ndege ile vipande na kwenda zao. Lakini Septemba vita vilianza Ulaya. Short Brothers walikuwa wakiunda ndege za kivita za Sunderland, na ndege mpya ya abiria ya kuiziba nafasi ya Corsair isingepatikana. Tena ndege za aina yake zilikuwa zikipukutika: Machi Corsair, Mei nyingine, Challenger, ikapotea bandarini Mozambique pamoja na watu wawili. Ikaamuliwa kwamba irudishwe, liwe liwalo.

Safari hii waliacha kuilaumu ndege. Walitazama mto. Kama miamba ilikuwa karibu mno na uso wa maji, basi maji yapandishwe yaiache miamba mbali chini. Waliuwekea Dungu boma la kuzuia maji, mto ukajaa nyuma yake, ukapanuka na kuongezeka kina, na mahali palipokuwa pa kona nyembamba pakawa na ziwa la kutosha kukimbilia. Kandokando yake pakachipuka makazi ya mafundi na wafanyakazi, yakapewa jina la ndege yenyewe, Corsairville. Wazungu wachache walisimamia. Mikono iliyoinua boma lile ilikuwa ya watu wa Faradje. Walifanya katika nchi ya koloni, kwa amri ya koloni, kwa ajili ya ndege ambayo hakuna hata mmoja wao angeweza kuipanda. Mto waliuelewa wao kuliko mhandisi yeyote aliyetoka nje: unajaa lini, unapungua lini, jiwe liko wapi.

Tarehe 6 Januari 1940 Kelly-Rogers aliketi tena kwenye usukani. Ndege ilikuwa imepunguzwa kila kisicho cha lazima, mafuta ya kufika Juba na si zaidi. Injini nne zikafunguliwa, omo likainuka, povu likafunika madirisha, kisha omo likashuka, ndege ikakaa juu ya kidato, na maji yakaanza kukimbia chini ya bati kwa ule mlio wa kupigapiga ambao mabaharia huujua. Miamba ilikuwa pale pale, ila sasa ilikuwa imefunikwa vya kutosha. Mlio ukakatika. Waliokuwa ukingoni waliona mwanga kati ya tumbo na maji.

Corsair ilifanya kazi vita vyote, ikapita na barua na maafisa kwenye njia hiihii ya maziwa na pwani, hadi ilipovunjwa Uingereza mwaka 1947. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1950, ndege za majini za shirika lililorithi Imperial Airways ziliacha kabisa kuja Afrika. Viwanja vya lami vilikuwa vimeenea. Lakini siku ile ya Januari Corsair ilikuwa na safari moja ya kukamilisha. Iliambaa juu ya Faradje, ikageuka kaskazini-mashariki, ikaipata Nile na kutua Juba. Safari ya saa mbili kutoka Port Bell ilikuwa imechukua siku 298.